Midomo Iende Tu

Ngamiani, Tanga
4 Mei 1953

Bi Somoe,

Tumefika salama. Njiani basi lilikwama kwenye matope, Bwana Fonseka akavua soksi zake za Kigoa akasukuma pamoja na sisi, huku kamera ameipakata kama mtoto mchanga. Sijapata kuona mtu anayependa chuma namna ile. Hana kampuni nyuma yake wala serikali, ana kamera moja na ubishi wake, na bado anaamini sinema yetu itaonyeshwa mpaka Bombay.

Hapa nimekwisha kuwa mashuhuri. Nikipita dukani watu wanaambiana, huyo ndiye yule wa sinema. Hija naye, yule dada aliyecheza jirani mchochezi, amepata sehemu kubwa zaidi kwa sababu Fonseka anasema uso wake unashika mwanga. Sikuambii haya ili uone wivu, nakuambia ili ujue uliishi na mtu gani.

Mama ageuzwe asubuhi, mchana na jioni, la sivyo mgongo utachubuka. Tangu kiharusi kimpate amekuzoea wewe tu, usimwachie mtu mwingine. Gaudens, mpiga picha wangu wa Kinondoni, anasafisha picha alizopiga uani kwetu wakati tulipokuwa tunacheza. Anataka kuzitundika ukumbini watu wazitazame. Akikuhitaji, msaidie.

Mwinshehe


Temeke
19 Mei 1953

Mume wangu Mwinshehe,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa jicho la pembeni. Tangu lini mie kwako nimekuwa Bi Somoe? Hata karani wa posta ananiita hivyo. Na hilo la "uliishi na mtu gani" nimeliona pia. Nikasema basi, kalamu imeteleza, watu wa sinema wameanza kuandika kama wanavyocheza.

Mama hajambo kwa hali yake. Mdomo haujarudi, lakini mkono wa kulia una nguvu zake zote, uji ukiwa wa moto ananifinya mpaka alama inabaki. Mgongo naupaka mafuta ya nazi. Analala.

Majirani bado wanakuja kuulizia siku ile. Nawaonyesha pale uani taa ziliposimama, na pale Fonseka alipolala kifudifudi chini ya kitanda na kamera yake akatupigia kelele: "Sauti hakuna, sauti nitatia baadaye, semeni chochote, midomo iende tu!" Unakumbuka Hija? Mchezoni ananisengenya kwako, mume wangu, kidole juu, macho yamemtoka kwa hasira, kumbe anataja samaki: changu, tasi, kolekole, nguru, na wengine wakamwiga. Mie nilikuwa nasoma sala ya safari. Wewe peke yako ndiye uliyesema maneno yenyewe, tena kwa jina langu la nyumbani. "Somoe, nimekuacha." Na kwa kuwa tulirudia, ukasema tena, na tena.

Tulipobaki wawili nilikuuliza kwa nini na wewe hukutaja samaki. Ukacheka, ukanivuta, nami nikacheka. Mwezi mzima baada ya hapo, mpaka siku ya safari yako, ulikuwa mwema kwangu kuliko miaka yote minane. Ndiyo maana sasa nyumba naiona kubwa.

Nijibu upesi, na uniite jina langu.

Mkeo Somoe


Kinondoni
6 Julai 1953

Ndugu yangu Mwinshehe,

Nakuandikia mikono ikinuka dawa za picha. Maonyesho yamefunguliwa Jumamosi pale ukumbini Temeke, na watu walijaa hata madirishani. Kumbe watu wanapenda kuona sinema inavyotengenezwa kuliko sinema yenyewe! Walicheka sana kwa picha ya Fonseka chini ya kitanda, na ile ya Hija akipakwa unga usoni. Mwalimu mmoja aliniambia hajapata kuona Mwafrika akipanga picha zake mwenyewe ukutani na kualika watu. Nilijiona mkubwa.

Zile tatu zako na shemeji nimezipa ukuta wa peke yake, unaotazamana na mlango. Wewe umenyoosha mkono, yeye ameinamisha kichwa. Ukizitazama harakaharaka ni picha moja, lakini katika kila moja kivuli cha nguzo ya uani kimesogea. Nilitaka wageni waelewe kwamba katika kazi hii jambo moja hurudiwa. Kwa hiyo chini yake nimeandika kwa rangi nyeupe, mwandiko wangu mzuri: Talaka ya Kwanza. Talaka ya Pili. Talaka ya Tatu.

Sasa nifafanulie jambo moja, maana mimi ni mtu wa bara, wa Kiziba, na ya pwani bado najifunza. Shehe Mwinyimvua alikuja na wazee wake, wakawa wanacheka kama wengine. Alipofika pale aliacha kucheka, akayasoma maandishi yangu. Akamwita shemeji, ambaye alikuwa anawaelezea wanawake picha, akamuuliza neno, shemeji akajibu. Baada ya hapo wazee walitoka wote, chai yao ikabaki mezani na maandazi yake. Shemeji naye aliondoka bila kuniaga. Nimekosea wapi?

Rafiki yako,
Gaudens


Temeke
12 Julai 1953

Mume wangu,

Hujanijibu barua ya Mei, lakini hii nakuomba usiiweke chini kabla ya kushika kalamu.

Rafiki yako Gaudens, Mungu amsamehe, amezitundika picha zetu na kuzihesabia talaka. Moja, mbili, tatu, kwa rangi nyeupe, kama bei sokoni. Shehe Mwinyimvua akaniita. Akaniuliza, "Binti yangu, hapa mumeo alikuwa anasema nini?"

Ningeweza kusema changu, tasi, kolekole. Picha haisemi, nani angejua? Lakini nilimtazama mzee yule aliyenifundisha juzuu nikiwa mdogo, nikamwambia ukweli. Nikaona uso wake unavyobadilika, na nyuma yangu wanawake wakajitenga nami hatua moja.

Alinieleza taratibu. Talaka haina mzaha, alisema, hata ukiitoa kwa kucheka imetoka. Lakini anayesimulia maneno ya mtu mwingine si mwenye kuacha. "Kama alikuwa anaigiza tu, wewe ni mkewe na aibu ni yetu tuliokuuliza. Kama alikusudia, huna mume, na hizo ni tatu, hamrudiani mpaka uolewe kwingine. Moyo wake anaujua yeye. Mwandikie."

Basi nimekuandikia. Nataka maneno matatu tu: nilikuwa naigiza tu. Hata kwenye kipande cha karatasi ya sigara, utie saini, nimpelekee Shehe. Jana palikuwa na shughuli kwa Mwajabu, nikakuta hawajui wanikalishe wapi, kwa wenye waume au kwa walioachwa. Mwishowe nikakaa jikoni na masufuria.

Mimi najua jibu lako. Ni wao wanaotaka kulisoma.

Mkeo Somoe


Tanga
20 Agosti 1953

Bi Somoe,

Nimecheka mpaka Hija akatoka chumbani kuniuliza kuna nini. Kwa hiyo ukuta wa Gaudens umekuwa kadhi! Nilimwambia zamani kwamba atakuja kusifiwa na watu asiowatarajia.

Mambo haya hayaandikwi kwenye karatasi ya sigara. Nikija tutakaa na wazee tuzungumze kiutu uzima. Haraka ya nini? Kazi hapa imepamba moto.

Lakini umenisikitisha kwa jambo moja. Barua yako nzima, mbele na nyuma, hakuna neno juu ya mama. Mgongo umepona? Anakula? Acha kumsikiliza Shehe, Shehe hamgeuzi mama yangu. Unamgeuza wewe. Kaa nyumbani, shika kazi yako, na mengine yatakuja kwa wakati wake.

Mwinshehe


Temeke
1 Septemba 1953

Shemeji Gaudens,

Usijifiche. Nimesikia unapita barabara ya nyuma ili usinione. Sikulaumu. Kisicho cha dini yako hukukijua, na rangi yako nyeupe haikusema uongo.

Nakuuliza jambo, na wewe ndiwe uliyesimama karibu na kamera. Siku ile tulirudia mara tatu. Kila tulipokatisha mie nilikimbia ndani kumnywesha mama maji, kwa hiyo sikusikia waume mlivyosemezana. Nani alisema turudie?

Na nikueleze kwa nini nauliza. Nina mimba, shemeji, na inakwenda mwezi wa tano. Mbili zilinitoka huko nyuma baada ya kutangazwa, na mume wangu aliniambia mbele ya watu kwamba tumbo langu ni kapu lililotoboka. Hii ya tatu nimeifunika kwa buibui na sijamwambia mtu. Mama mkwe tu ndiye anayejua. Nilikuwa namgeuza, mkono wake mzima ukaligusa tumbo, ukalishika na haukutaka kuliachia. Alilia, mdomo umepinda, hawezi kusema.

Usimwandikie Mwinshehe. Nikimwambia nina mtoto atasema chochote ili ampate, maana mtoto ndiyo njaa yake. Nataka anijibu mie kwanza. Nataka kujua kama nina mume, si kama mtoto ana baba.

Shemejiyo Somoe


Kinondoni
5 Septemba 1953

Shemeji Somoe,

Kabla ya kukujibu nimetoa zile picha ukutani. Pamebaki misumari. Watu bado wanasimama wanaitazama.

Ukweli ni huu. Bwana Fonseka aliridhika mara ya kwanza. Mkanda ni ghali na hapendi kurudia hata mtu akianguka. Alisema, "Safi, hamisheni taa." Mwinshehe ndiye aliyemshika mkono. "Turudie," alisema, "sijaipata sawasawa." Fonseka akanung'unika, akakubali. Baada ya ya pili akasema tena safi, na Mwinshehe akanyoosha kidole kimoja. "Bado moja."

Mimi nilidhani ni bidii ya kazi. Nilimpigia makofi, shemeji. Kwetu ndoa ikishafungwa na padri imefungwa, hakuna mtu anayehesabu. Nilijua waume wa pwani huacha wake zao, sikujua kwamba inaweza kufanyika mbele yangu nami nikashika kamera.

Niambie nifanye nini.

Gaudens


Temeke
16 Novemba 1953

Mwinshehe,

Mama amefariki Ijumaa kabla ya adhuhuri. Simu ya maandishi ulipelekewa siku hiyohiyo, na ya pili tena. Tulimsubirisha mpaka alasiri tukitazama njia, ndipo Shehe akasema maiti hawekwi.

Nimemwosha kwa mikono hii. Mgongoni hapakuwa na kidonda hata kimoja, nakwambia ili ulale vizuri. Mpaka mwisho alinishika kidole kwa mkono wake wa kulia.

Yote ambayo mke humfanyia mama wa mumewe nimeyafanya. Simu hukujibu, msiba hukuja, na swali langu la Julai umelikalia. Sasa hakuna mgonjwa wa kunigeuzia maneno. Niandikie: mie ni nani kwako?

Somoe


Tanga
5 Desemba 1953

Bi Somoe binti Salumu,

Mama ametangulia, Mungu amlaze pema. Kwa huduma uliyompa nakushukuru, na nasema hivyo bila mzaha. Kazi ilinizuia kuja.

Umetaka jibu, basi lipokee. Siku ile nilikusudia. Nilikusudia mara ya kwanza, nikakusudia ya pili, nikakusudia ya tatu, na nilitaka ziwe tatu ili wazee wasije wakatupatanisha kama walivyofanya zamani. Mbele ya kamera ilikuwa rahisi. Kila mtu anatazama, hakuna anayelia, na mwisho watu wanapiga makofi.

Sikukwambia kwa sababu ya mama. Ningekuambia ungefunga mizigo, na nani angemgeuza? Mwanamke wa kuajiriwa angemwacha aoze. Wewe nilijua hutamwacha madhali unajiona mke. Usinilaumu, mtoto hana budi kumtunza mzazi wake.

Eda yako, kwa kuwa inahesabiwa tangu Machi, ilikwisha zamani bila wewe kujua, kwa hiyo sina posho ya kukupa. Nyumba naihitaji mwisho wa mwezi wa pili. Nimemwoa Hija. Miaka minane nimengoja mtoto kwako, na mwanamume hawezi kupanda jiweni mpaka azeeke. Barua hii mwonyeshe Shehe wako, nimetia saini kama ulivyotaka.

Mwinshehe


Kinondoni, kwa shangazi
28 Januari 1954

Mwinshehe,

Nyumba yako ipo tupu. Nimefagia, nimefunga, ufunguo anao Gaudens. Mwezi wa pili usikutie wasiwasi.

Barua yako nilimpelekea Shehe Mwinyimvua kama ulivyoagiza. Nilikwenda kwa taabu, kwa sababu nilikuwa na mimba ya miezi minane. Usirudi juu kuisoma tena, umesoma sawasawa. Mimba iliingia Aprili, katika ule mwezi ulipokuwa mwema kwangu. Mama yako aliijua. Yeye ndiye mtu pekee aliyefurahi.

Shehe aliisoma peke yake, akaikunja. Akaniambia, "Binti, fikiri. Nisipoisoma barua hii mbele ya watu, mtoto atazaliwa wa Mwinshehe, atapewa ubini wake, atamrithi. Nikiisoma, mtu huyu amekiri kwa mkono wake kwamba tangu Machi wewe hukuwa mkewe na alikuwa akijua. Basi wewe hukujua na huna dhambi, lakini yeye Aprili alizini, na mzinifu hapewi mtoto. Sema wewe."

Nilikaa kwenye mkeka nikafikiri. Nilifikiria "bado moja" yako. Nilifikiria makofi. Nilifikiria ule mgongo usio na kidonda. Nikamwambia aisome.

Akaisoma Ijumaa, kibarazani, mbele ya wazee walewale walioacha chai. Gaudens aliitwa athibitishe saini, akathibitisha. Alinifuata nje akaniambia namwadhibu mtoto kwa kosa la baba. Nilimjibu kwamba mtoto huyu hana baba, limesomwa sasa hivi.

Amezaliwa Jumanne iliyopita. Ni wa kiume, mzima, na kidole kidogo cha mguu kimepanda juu ya mwenzake kama chako. Anaitwa Salumu, jina la baba yangu, na ubini wako hana. Hatakurithi, wala wewe hutasimama kwenye harusi yake. Najua nimemfanyia nini mwanangu. Kuna siku mtoto mwenzake atamtukana kwa jambo hili naye atakuja kuniuliza. Nililia usiku mzima kwa ajili ya siku hiyo, kisha kukakucha akataka kunyonya.

Somoe binti Salumu


Tanga
8 Februari 1954

Mke wangu mpenzi Somoe,

Tangu barua yako ifike chakula hakipiti. Nimemwonyesha Hija akaninunia, na mwache anune, hana mtoto wala dalili.

Somoe, mke wangu, nisikilize. Nilikuwa naigiza tu. Ile barua ya Desemba niliiandika kwa uchungu wa msiba, mtu aliyefiwa na mama hajui asemalo. Nenda kwa Shehe, mwambie nimeapa. Nitakuja mwenyewe, nitashika msahafu mbele ya wazee. Mtoto asiachwe bila jina wakati baba yake yu hai! Hicho kidole ni cha baba yangu mzee, na cha babu yangu.

Ili usitie shaka nakuandikia kama ulivyoniomba, tena zaidi ya ulivyoniomba. Nilikuwa naigiza tu. Nilikuwa naigiza tu. Nilikuwa naigiza tu.

Mumeo,
Mwinshehe


Kinondoni
17 Februari 1954

Bwana Mwinshehe,

Barua yako imenikuta nikichemsha maji ya kumwogesha Salumu. Kuni zilikuwa mbichi, moto haushiki. Niliisoma yote mpaka saini, halafu nikaitia chini ya kuni na moto ukashika.

Ameoga, amelala. Kwa Shehe sitakwenda, na wewe ukija hutanikuta nyumbani. Gaudens ana nakala za zile picha tatu, ukipenda atakutumia utundike chumbani.

Wenzako walitaja samaki.

Somoe binti Salumu